Mtoto wa Nyumba Hii

"Rudi mezani umalize karoti zako!"

Mwanafunzi alirudi. Ndiyo kwanza siku ya tatu ugenini, na karoti zenyewe ngumu kama kuni, lakini jioni hiyo hakuwa na ubavu wa kubisha, maana alikuwa anatafuta ruhusa. Alizikatakata vipande vidogo vidogo, akavisukuma kwa maji, huku Mama akimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

Mama na Baba hawakuwa wazazi wake. Walikuwa wenyeji wake, waliopangiwa na chuo cha lugha. Kwenye semina ya wenyeji waliambiwa mengi, likawaingia jambo moja tu: mwanafunzi akishavuka kizingiti si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba, na wao ni mama na baba. Basi hawa wawili, ambao baadhi ya zawadi zao za harusi zilikuwa bado kwenye maboksi, na mtoto mwingine wa kufanyia mazoezi hawana, wakalivalia njuga jambo hilo. Umepiga mswaki? Sweta iko wapi? Taa hiyo mbona bado inawaka?

"Kutwa anasinzia," Mama alilalamika jikoni siku ya pili, kwa sauti aliyodhani ni ndogo. "Ukimwita hasikii. Bafuni akiingia, wengine tusahau kuoga. Ngazi anazipanda kama anapelekwa jela. Na akiikodolea macho simu yake, hata nyumba ikiungua hana habari!"

"Ni umri, mke wangu," Baba alimtuliza. "Umri tu. Wote ndivyo walivyo."

"Umri usiwe kisingizio. Hapa ndio kwanza amefika. Samaki mkunje angali mbichi."

Mwanafunzi alivumilia. Kuja huku hakukuwa lelemama. Nyumbani walimkatalia katakata: dunia imeharibika, utaumwa, utapotea, utatapeliwa. Alilia, akasusa chakula, akajifungia chumbani mpaka wakanyoosha mikono. Sasa wenyeji wakienda kumshtaki chuoni angerudishwa, na huko angepokewa na wimbo wa "si tulikwambia." Afadhali karoti.

Lakini Jumamosi kulikuwa na dansi, pale ukumbi wa chuo, ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Na kulikuwa na yule wa dawati la jirani, anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akimwazima ufutio hata asipokosea kitu. Asubuhi hiyo alikuwa amemnong'oneza, "Jumamosi nitakupitia kwenu saa kumi na mbili jioni." Tangu hapo mwanafunzi hakujielewa. Kitenzi hata kimoja hakiingii kichwani. Alikuwa amependa, jamani, na hakuwa na wa kumwambia.

Karoti ya mwisho ikashuka.

"Mama, naomba kwenda dansi Jumamosi."

Mama akaweka kijiko chini. "Na nani?"

"Na mwenzangu wa darasani."

Baba aliyekuwa akiosha vyombo akafunga bomba. "Mwenzako nani? Wazazi wake tunawajua?"

"Wazazi wake walishafariki."

"Wote wawili?"

"Wote."

Mama akashika kifua. "Maskini! Yatima!"

"Uyatima si cheti cha tabia njema," Baba akasema, akijifuta mikono. "Ana kazi?"

"Aliacha."

"Eti aliacha! Sasa anakula nini?"

"Anasema kila mwezi kuna hela inaingia."

"Inaingia tu! Yenyewe!" Baba akamgeukia mkewe. "Umesikia? Kazi hana, hela inaingia tu. Huyo ni jambazi, mimi nakwambia."

Mwanafunzi akainama. "Tangu nimefika sijaomba kitu kingine. Niacheni niende, nawasihi."

Mama akamtazama, roho ikamlainika. Naye dansini ndiko alikompatia mume huyu anayefoka.

"Ataenda," akasema. "Ila saa tatu usiku awe ndani."

"Haya," Baba akakubali shingo upande. "Lakini huyo kijana aje mpaka hapa mlangoni, nimwone kwa macho yangu. Nitampa maswali atakayoyakumbuka mpaka uzeeni."

Jumamosi jioni kengele ililia. Baba akakaza mkanda, akakohoa mara mbili ili kupata sauti nzito, akaenda kufungua. Mama akamfuata, mikono kiunoni.

Mwanafunzi alitega sikio kutoka chumbani. Mwenzake akisema neno baya tu, basi tena. Alisikia mlango ukifunguliwa. Kisha akasikia sauti ya Baba, imenywea kabisa:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimemfuata mwanafunzi mwenzangu."

Mwanafunzi akashusha pumzi, akayatoa meno yake kwenye glasi ya maji, akayavaa, na kwa mara ya kwanza tangu amzike marehemu mumewe, akatoka kwenda dansi.