Kinanda cha Kibwana

Miaka hiyo sheria iliruhusu kila wimbo ubaki na rekodi moja tu duniani. Nyingine zilifutwa kila mahali na hiyo moja kuwekwa badala yake, na mrithi wa mwanamuziki ndiye aliyechagua. Bi Mwanahawa, mjane wa Morogoro, aliketi sebuleni na binti yake Zubeda kuamua rekodi ipi ibaki ya wimbo ambao marehemu mumewe, Kibwana, aliupigia kinanda cha umeme miaka ya themanini.

Walianza na ule uliorekodiwa upya, wakiusikiliza kwenye redio yao. Kinanda kilikuwa laini, hakina doa. Kisha wakaufungulia ule wa asili. Humo kinanda kilikwaruza kama nyuki ndani ya kopo, na baada ya ubeti wa pili noti moja ikachelewa.

"Hapo ndipo nilipoingia studio," Bi Mwanahawa akasema. "Baba yako aliinua macho, kidole kikapotea njia."

Zubeda akacheka. "Mimi naona huu mpya ndio mtamu, Mama. Lakini chagua wa Baba."

Mama akauchagua, na wakacheza pamoja mpaka mama akaishiwa pumzi kwa furaha.

Jioni jirani yao Shomari akabisha hodi, simu mkononi. "Shikamoo, mama. Wimbo uliopigwa nilipomwoa marehemu mke wangu umeharibika. Kinanda kinakwaruza, na kwingine siupati. Kwako uko vipi?"

"Marahaba, baba. Kwangu uko sawa," alijibu Bi Mwanahawa. Akamkaribisha chai, kisha akaenda kuizima redio, iliyokuwa bado ikiupiga wimbo huo kwa sauti ya chini.