Maswali ya Verediane

Mwanamke aliyekaa peke yake karibu na mlango aliinua mkono kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Daktari Sano akajifanya hakumwona.

Ukumbi wa ushirika, hatua chache tu kutoka mpakani, ulijaa wachuuzi wanaovuka kila asubuhi kupeleka karoti, vitunguu na maziwa Goma. Walikuwa wameitwa kufundishwa juu ya mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukizwa kwa kugusana. Sano, mtafiti wa virusi aliyekulia Bukoba na kusomea Ulaya, hakuficha kwamba kuzungumza na watu wa namna hii kulikuwa chini ya hadhi yake. Kiswahili chao kilimkera. Maswali yao yalimkera zaidi. Kando yake aliketi mkewe Mwiza, muuguzi, na alipojaribu kuongeza neno, Sano alimwambia mbele za watu kwamba mtaalamu hapa ni mmoja.

Akaendelea. Kirusi, alisema, hakina nguvu ya kuvunja mlango. Hujipaka mafuta yale yale ya seli iliyokufa, kikaisogelea seli nzima na kuigusa. Ile nzima hudhani imeona taka za jirani za kusafisha. Hupeleka amri ndani kwa ndani, hujinyoosha, na kukimeza yenyewe. Kisha kirusi huisemesha kwa lugha yake, ikaacha shughuli zake zote na kuanza kukizalisha. Seli ikijaribu kutuma ujumbe wa hatari kwa majirani, kirusi kimeshatandaza mitego nje, ujumbe unanaswa njiani. Jirani hana habari. Mwenye mwili naye anakula, anacheka, anajiona mzima.

"Mmeelewa?" aliuliza. "Hamjaelewa. Seli zenu na ninyi ni akili moja."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha adabu.

Ndipo yule wa mlangoni akasimama bila kuruhusiwa. Aliitwa Verediane, muuza karoti wa Cyanzarwe, mwembamba, mikono ameizungushia kitenge. Tangu aingie hakuwa amempa mtu mkono.

"Pardon, docteur. Donc mutu anaweza kuwa nayo na hasikie kitu?"

Sano alishusha pumzi na kumwambia kwamba hilo ndilo alilokwisha kulisema, kama angekuwa anasikiliza. Verediane akauliza ni siku ngapi. Siku kadhaa, akajibiwa, pengine wiki mbili, pengine zaidi.

"Na mwenye wanalala naye mu nyumba? Anaweza kumupatia?"

"Anaweza," alisema Sano. "Sasa mama, wewe ndiye unayemwogopa mzee wako, au ni yeye anayepaswa kukuogopa wewe?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Walioketi safu ya mbele ya Verediane waligeuka, wakaitazama mikono yake iliyofichwa, wakavuta viti vyao. Yeye hakuketi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na neno la kumwambia daktari pembeni. Sano akamjibu kwamba hatoi ushauri wa vichochoroni.

Mafunzo yalipokwisha na watu kutawanyika, Verediane alisogea, akasimama mbali kidogo na meza. Akaomba tena. Dakika mbili tu, huko nje, yeye na daktari. Sano hakuinua hata uso. Alikuwa akikunja nyaya za projekta, na huku akizikunja alimweleza kwamba siri ndizo zinazoeneza ugonjwa. Watu kama yeye, alisema, huficha mgonjwa chumba cha nyuma mpaka nyumba nzima iugue, kisha husingizia uchawi. Sikio la kufa halisikii dawa. Kama ana vipele, aseme hapa hapa, mbele ya muuguzi.

"Mi sina kitu," alisema Verediane. "Walinipima. Mikono najizuiya tu, nisiguse watu bure. Mugonjwa ni mudogo wangu. Iko mu hospitali Goma tangu juzi, mwili yote ni vipele. Ni yeye alinituma kwako, docteur. Alisema nikuambie mu sikio."

"Huyu hapa ndiye anayeandika," Sano alimkata, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mwambie yeye. Mimi si padri."

Mwiza alimvutia Verediane kiti, akakiweka mahali pazuri, si karibu sana wala si mbali. Alimuuliza jina, akawa wa kwanza siku hiyo kumwita kwa jina lake. Akafungua daftari la kuwafuatilia waliogusana na wagonjwa, akauliza mgonjwa anaitwa nani.

"Liliane."

Sano alisema muda umekwisha, ukumbi unatakiwa, mengine yafanywe kesho. Mwiza hakugeuka. Alimweleza Verediane taratibu kwamba aliyekuwa na Liliane siku za karibuni lazima apatikane leo hii, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Hakuna atakayemcheka. Je, Liliane alimtaja nani?

Verediane alimtazama Sano. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayempisha mwingine atangulie kusema. Sano alizikunjua nyaya, akaanza kuzikunja upya.

"Nilitaka kuisema pembeni, madame," alisema Verediane. "Ni mwanaume mumoja tu." Akalitaja jina.

Kalamu ya Mwiza iliandika S, ikaandika A, kisha ikasimama.