Nyumba Isiyokaanga Samaki

Mzee aliinama mlangoni, akapita, akaketi kwenye kigoda kabla hajakaribishwa, kisha akafunua sufuria na kunusa.

"Majani," alisema. "Nimeshuka basi pale Nyegezi, nimepanda mawe yote haya na kifua changu kibovu, kumbe nakuja kula malisho!"

"Shikamoo, mzee," alisema Dorcas, binti wa mwenye nyumba, mwanamke mzima mwenye mdomo wa kujibu. "Malisho hayo hatujakupa bado."

"Marahaba." Alimtazama, kisha akahamisha macho upesi. "Naitwa Chenge. Natafuta chumba."

Stendi walikuwa wamemwambia: Mama Bernadeta hupangisha wanachuo vyumba vya uani, chakula humo humo, kwa bei ya huruma. Halafu wakacheka. Huko, mzee, hata mwiba wa dagaa hutauona.

Alikihitaji chumba kile kuliko alivyoonyesha. Alikuwa ameizunguka nchi miaka mingi: machimbo ya Geita, mashamba ya chai Mufindi, mpakani Tunduma. Kila alikopewa chakula alikila na kukitukana. Sasa uso ulikuwa ndevu tupu na meno ya kuhesabika, kifua kinakoroma, na hakuna mlango mwingine aliobakiwa nao wa kubisha. Lakini ndiyo hivyo, ulimi wake haukujua kuomba. Ulijua kubeza.

Mama Bernadeta aliingia na sinia: ugali wa muhogo wa udaga, njugu mawe, na nsansa iliyoungwa kwa karanga. Akamnawisha mikono bila maneno mengi.

"Nsansa," mzee alisema, akining'iniza jani. "Majani ya kunde. Mnayachemsha, mnayaanika, mnayachemsha tena. Mama, umeyaua mara mbili, na bado yananitazama."

"Mbona unayamaliza?" aliuliza Dorcas.

"Nayamaliza yasije yakamdhuru mwingine."

Dorcas alicheka bila kupenda. Mzee alipoona amechekwa, akazidi.

"Na hizi njugu mawe, ukizitupa chini zinalia kama kokoto. Hebu niambie, binti, umewahi kula sato?"

"Sijawahi."

"Sangara?"

"Sijawahi samaki wowote."

Mzee aliangua kicheko mpaka kikageuka kikohozi. "Ziwa hilo hapo mlangoni! Mbwa wa Mwanza hii anachagua kichwa cha sangara cha kula, wewe mtu mzima hujui sato! Mama yako amekukosea nini, au wewe ndiye uliyemkosea?"

"Hajakosa mtu," alisema Bernadeta. Aliketi mkekani, akavuta ungo wa choroko, akaanza kuchambua. "Mume wangu alikuwa mvuvi. Mtumbwi ulirudishwa na mawimbi, mtupu. Huyu Dorcas alikuwa ananyonya. Kaka zangu walipiga mbizi mpaka masikio yakatoa damu, hawakupata kitu. Kwetu, ziwa likimchukua mtu lisimrudishe, nyumba yake haili samaki mpaka aopolewe. Utajuaje samaki yupi amemgusa?"

Mzee alitafuna polepole.

"Sisi watu wa ziwani majani tulikuwa hatuyajui," Bernadeta aliendelea. "Jirani Msukuma ndiye aliyenifundisha. Nsansa ya kwanza niliipika ikawa kama matope ya zizini. Nikakaa jikoni nikalia, nikailamba hivyo hivyo, maana maziwa ya mtoto yalikuwa yanakauka. Samaki nilimwacha kwa kiapo. Nyama niliiacha kwa umaskini, halafu nikaizoea njaa yake. Sasa wanachuo wananiita Mama Majani. Wananicheka, na sahani wanazilamba."

"Na huyo mfu wako," alisema mzee, sauti imeshuka kidogo, "ndiye umemnyimia mtoto samaki miaka yote? Kwa ajili ya mifupa ya chini ya maji? Wenzako wangeolewa, wakala, wakasahau."

"Waliniposa. Nitaolewaje na mume hajazikwa?"

"Ujinga." Alisukuma sahani, tupu. "Ujinga mtupu. Mwanamke mwenye akili anamwombolezea mtu msimu mmoja, anakaanga samaki wake, maisha yanaendelea. Kama nitakaa hapa, mama, siku moja moja nitajinunulia dagaa wangu nile huko nje kama mchawi. Chumba kiko wapi?"

"Uani," alisema Dorcas. "Toka, zunguka kulia."

Mzee aliinuka akijishika magoti. Alikwenda mlangoni huku bado anaitukana nsansa, shingo imegeukia ndani, na alipofika kizingitini aliinama tena bila hata kutazama juu.

Mikono ya Bernadeta ilisimama juu ya ungo.

"Ngoja hapo," alisema.

Mzee alisimama, nusu ndani, nusu nje.

"Wanachuo wote niliowapangisha wamejigonga paji kwenye boriti hiyo ya mlango siku ya kwanza. Mchungaji naye alijigonga, akasahau sala."

 

Bernadeta alimtazama kuanzia ndevu mpaka miguuni, taratibu, kama mtu anayekagua mboga iliyolala sokoni. Kisha akauweka ungo chini.

"Chumba hakuna," alisema. Akamgeukia binti yake. "Dorcas, chukua kikapu ushuke mwaloni kwa wavuvi. Lete sato, mkubwa kuliko wote utakaowakuta, tuje tukaange. Baba yako ameopolewa."