Labeka

"Nawali maana yake zawadi," Hafidhi alimwambia mkewe kwa mara nyingine. "Na siku hizi kila nyumba ina Nawali wake."

Zuwena aliendelea kumnyonyesha mtoto. Kila jirani aliyekuja kumpa hongera, Zuwena alimuuliza kama amjua mwenye jina hilo, na mtaa mzima hakupatikana Nawali hata mmoja. Zawadi, haya, ya nani?

Siku ya saba wanawake walijaa ndani, ubani ukafuka, mtoto akanyolewa. Kisha Bi Kazija, mama yake Hafidhi, akamwinua mjukuu wake juu. Ada ya mji ule ilikuwa bibi aliite jina kwa nguvu, wanaume walioko barazani nao wasikie.

"Nawali!"

"Labeka!"

Sauti ilitoka mlangoni, kwa mwanamke aliyejitanda kanga mpya, ambaye Zuwena hakuwa amemwona maishani mwake. Aliitika kama mtu aliyezoea kuitwa ndani ya nyumba ile.

Wanawake wakaangua kicheko. "Wajina wake huyo kaja!"

Zuwena alimtazama mkwewe. Bi Kazija hakucheka; sauti ile aliijua. Kiganja chake kilikuwa kimekwisha kumziba mtoto sikio.