Jina Nyuma ya Namba

Ujumbe uliingia saa tano kasoro dakika nne asubuhi, na haukuwa na mwenyewe.

*Siwezi kuongea. Kifua kimebana. Njoo.*

Njoo wapi sasa? Sehemu ya jina tupu, sehemu ya mahali tupu. Ukurasa ule wa kuomba msaada uliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kupiga simu, lakini aliyeutengeneza hakukumbuka kwamba asiyeweza kupumua hana muda wa kujaza fomu.

Dada wa redio, aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kuitia gari la wagonjwa, aligeuza kiti. "Fundi! Hebu njoo uone."

Fundi wa mtandao aliacha nyaya zake akaja mbio. Chini ya ujumbe palikuwa na namba ya mtandao ya kompyuta iliyoutuma, tarakimu na nukta zake, za aina anayoiona kila siku mpaka anaiota.

"Hii ni ya kwetu," alisema. "Ya humu humu mjini. Mimi ndiye ninayezigawa: maofisi, shule, zahanati, na nyumba chache za wafanyakazi."

"Basi hii ya nani?"

"Subiri. Kwenye orodha ya majina ya mtandao, ukiwa na jina, rekodi iitwayo A inakupa namba. Sisi namba tunayo, kwa hiyo tunauliza kinyume. Kuna rekodi nyingine ya kazi hiyo. Unaipa namba, inakupa jina." Vidole vyake vilikuwa vinakimbia.

"Na hayo majina anaandika nani?"

"Mimi," alisema, na hata katika hali ile majivuno yalisikika. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Ukimsifia rekodi zake, siku nzima hakuombi chakula.

Jina likatokea kwenye kioo cha kompyuta: maktaba.

"Bibi wa maktaba!" walisema wote wawili kwa pamoja. Nani mjini asiyejua pumu ya bibi yule? Akipanda ngazi tatu anatafuta kiti. Dada wa redio alikuwa ameshabonyeza kitufe. "Dereva, maktaba, upesi! Mgonjwa wa pumu." Gari la wagonjwa lililokuwa zima siku hiyo lilikuwa hilo hilo moja.

"Nimwandikie, nimuulize kama kweli yuko hapo?"

"Usimchoshe, Dada. Usiandikie mate na wino ungalipo. Rekodi hii hapa."

Fundi hakurudi kwenye nyaya. Pumu alikuwa anaijua. Alikuwa anaishi nayo nyumba moja, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mara ngapi amemkalisha mkewe wima, akimsugua mgongo na kuhesabu pumzi pamoja naye. Alijua kwamba dakika za mwanzo mtu huhangaika, na za mwisho hunyamaza. Alimwogopea bibi yule kama mzazi wake.

*Haraka*, kioo kikasema.

"Wamefika wapi?"

"Wako kwenye mzunguko. Kuna foleni."

"Wapande hata juu ya majani!"

Dada wa redio aliandika: Gari linakuja, vumilia. Halikuja jibu. Dakika ikapita, ikafuata nyingine. Kisha ikaja herufi moja, ikajirudia na kujirudia hadi mwisho wa mstari, kama mtu aliyelaza mkono juu ya kibodi.

"Mungu wangu," Dada wa redio alisema. Baada ya hapo kioo hakikuleta kitu tena.

Redio ikakwaruza. "Dada, tumefika. Mlango umefungwa kwa ndani."

"Vunja!" Fundi alipiga kelele. "Vunja, anakufa mtu humo!"

Walisikia kishindo, kingine, kisha sauti ya mwanamke, kali kama pilipili. "Nyie! Mnanivunjia mlango mna wazimu?"

"Bibi, si unaumwa?"

"Nani kanizushia? Nimejifungia nihesabu vitabu vyangu kwa amani! Huo mlango mtautengeneza nyinyi!"

Dada wa redio alimtazama Fundi, na Fundi akakitazama kioo.

Ndipo alipofanya jambo lililopaswa kufanywa mwanzo, jambo ambalo yeye mwenyewe huwagombeza wanafunzi wake wakiliruka: kuuliza pande zote mbili. Aliandika jina la maktaba akaiachia rekodi A ijibu. Ikajibu namba nyingine kabisa.

"Mbele inasema hivi, nyuma inasema vile," alisema. "Maktaba niliibadilishia namba mwezi uliopita. Nikarekebisha upande mmoja."

"Na upande wa pili?"

"Nilisema nitafanya kesho."

"Dada, twende wapi?" dereva aliuliza redioni. "Tunapoteza muda, twende wapi?"

"Fundi, ile namba ya zamani ulimpa nani?"

Alikuwa ameshavuta droo. Daftari la mgao lilimponyoka, akaliokota, akapitisha kidole kwenye mistari ya penseli, mwandiko wake mwenyewe, ukurasa wa kwanza, wa pili. Kidole kikasimama.

"Fundi! Sema, mtu anakata roho!"

"Mwambie nyuma ya soko, njia ya mashine za kusaga, geti la kijani. Wazungukie jikoni, mlango ule hauna komeo."

Dada wa redio aliyarudia yote kwa dereva, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Fundi.

"Anauliza ni nyumba ya nani."

"Yangu."