Msumari wa Munguti

"Mtoe huyo mwanamume," Musila alisema kwenye simu. "Mahali pake weka gari."

Upande wa pili alikuwa Okoth mpiga picha. Printa yake ilisikika ikikwaruza.

"Lakini mzee, nilikuwa nimeshamvalisha ovaroli ya dereva. Amependeza kweli."

"Mtoe."

"Na yale maneno ya chini?"

"Bakisha jina la mtoto tu."

"Na Mama Roy anajua?"

"Mimi ndiye bwana yake. Kalenda inatundikwa ukutani kwangu, Okoth, si kwako."

"Haya. Mambo ya nyumba za watu mimi siingilii."

Musila akakata simu, akarudi kupanga magunia ya mbolea katika stoo ya shamba la maua, Kisaju, alikofanya kazi. Tangu Jumamosi hakuwa amepanga kitu kikakaa sawa. Sasa magunia yalinyooka kama wanafunzi gwarideni.

Munguti alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, na Musila alikuwa amemwoa mjane wake, Mutheu, miaka mitatu sasa. Hata hivyo, katika nyumba yao ya Kitengela marehemu ndiye aliyepewa mahali pazuri: juu ya redio, ndani ya fremu, kwenye msumari ambao Musila mwenyewe aliombwa kuupigilia. Kila alipoinua kikombe cha chai, Munguti alimtazama. Kila alipokishusha, Munguti alikuwa bado anatabasamu.

Roy, mtoto wa Munguti, alikuwa na miaka tisa. Musila alimfunikia vitabu vyake vya shule kwa kurasa za kalenda kuukuu, kila kona ikikunjwa sawasawa. Alimsahihishia hesabu. Alimbeba mgongoni hadi zahanati usiku wa homa. "Asante, Anko," Roy alisema. Siku zote Anko. Lile neno jingine lilibaki ukutani, juu ya redio.

Mtu aliye hai atashindanaje na marehemu? Marehemu hazeeki, hakemei, wala hachelewi kurudi nyumbani.

Jumamosi ile walikuwa wamekwenda wote watatu hadi studio ya Okoth, karibu na soko. Mwaka wa 2006 ulikuwa umebakiza wiki mbili kuingia, na Okoth alikuwa na kompyuta iliyoweza kuibandika sura ya mtu yeyote kwenye kalenda yoyote. Mlangoni, Roy aligeuka.

"Anko, wewe ngoja hapa nje. Na usichungulie!"

Alichungulia. Kupitia kioo alimwona Roy akifunua mifano: simba, maporomoko ya maji, maua ya waridi. Yote aliyapita. Alipofika kwenye magari ya lile gemu la mbio alilolicheza kwenye kibanda cha gemu za video kila Jumapili baada ya kanisa, aliupiga ukurasa kofi la furaha. Kisha Mutheu akatoa bahasha ya kaki mkobani, akampa Okoth. Wakacheka, watatu hao, kama watu wa nyumba moja.

Jioni hiyo msumari wa juu ya redio ulikuwa mtupu. Fremu haikuwepo.

Musila hakuuliza. Mwenye wivu haulizi, huhesabu. Msumari mmoja, hauna kitu. Risiti moja ndani ya droo, yenye namba ya simu ya studio na maneno haya: "Kalenda ya gemu, mtoto na mwanamume mmoja." Kwa hiyo fremu haikumtosha Munguti. Sasa angekaa miezi kumi na miwili kwenye usukani, bega kwa bega na mtoto, tena kwa rangi.

Hesabu moja tu ndiyo iliyomshinda. Katika faili lake la kazi, alilolihifadhi nyumbani, alikuwa ameweka picha nne za pasipoti za kubadilishia kitambulisho, na sasa alizikuta tatu. Yeye, ambaye hajawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu! Alimlaumu Munguti kwa hilo pia. Ndipo alipopiga simu.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla ya kwenda kanisani, Roy aliingia sebuleni na karatasi ndefu iliyoviringishwa.

"Fumba macho, Anko. Usifumbue mpaka niseme!"

Musila akafumba. Akasikia mpira wa kufungia ukivuliwa, karatasi ikikunjuliwa. Akangoja kuambiwa afumbue.

Hakuambiwa. Akafumbua mwenyewe.

Kwenye kalenda, Roy alisimama kando ya gari jekundu, amevaa ovaroli ya dereva. Ubavuni pake kulikuwa na gari jingine, halina mtu. Chini yake neno moja: ROY. Na Roy mwenyewe, yule wa sebuleni, alikuwa akilipapasa lile gari tupu kwa kidole.

"Mum, ameondolewa."

"Labda kompyuta imekosea," Musila alisema, akiinua kikombe cha chai kwa upole wa mtu aliyeshiba.

"Itakosea vipi?" Mutheu aliuliza. "Na vile tulipeleka fremu ya Munguti kwa mama yake kule Mashuuru, ndiyo msumari ubaki wa kalenda! Tena Roy ndiye alisema tufanye hivyo."

Kikombe cha Musila kilisimama njiani.

Mutheu aliichukua bahasha ya kaki iliyorudishwa na Okoth, akaitikisa. Picha ndogo ya pasipoti ikaanguka mezani: shati la bluu, tai ya kuazima, macho ya mtu asiyezoea kamera. Ilikuwa ile ya nne.

Musila akaigeuza. Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa mtoto ulikuwa umemwagiza mpiga picha: "Huyu ni Baba. Muweke karibu na mimi."