Taa ya Ukutani

Tangu injini za ndege ziendazo kasi kuliko sauti zianze kufuata mapigo ya moyo wa mafundi wake, nyumbani kwa Zawena, mmoja wa mafundi hao, hakuna anayepaza sauti. Taa ya ukutani ikiwaka, ndege yake iko angani. Moyo wake ukienda mbio, moto wa injini huzimika na ndege huanguka na abiria wake mia tatu.

Alasiri hiyo alikuta viti vimetolewa nje na mikeka imetandikwa sebuleni. Shangazi zake walimtabasamia.

“Mama anaendeleaje?” aliuliza.

“Tutazungumza ndege ikitua, mke wangu,” Kombo alijibu.

Zawena akaketi mkekani, akaanza kuvuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa kazini. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walikuwa wanaitazama taa.